Mtihani wa Katiba kwa wagombea? Hao watu wanajua, shida iko kwingine

Agosti 2027 inakaribia na lile wazo la kuwapa wagombea mtihani limerudi, na safari hii lina nguvu kwa sababu limebebwa na vijana. Linaenda hivi: kabla mtu hajapewa cheti cha kugombea na IEBC, tume ya uchaguzi, akalishwe chini aulizwe Katiba ya 2010, aulizwe seneti inafanya nini na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, anafanya nini, apewe karatasi ya bajeti tuone kama ataielewa, akifeli arudi nyumbani akalime. Ikitoka klipu ya mheshimiwa anababaika mbele ya kamera, maoni ya chini ni hayo hayo, mtihani mtihani mtihani. Hasira yenyewe naielewa, maana hizo klipu nami huniudhi. Lakini nadhani ugonjwa tumeukosea. Viongozi wengi wanaotuumiza wanaijua kazi yao vizuri tu, wasichokuwa nacho ni sababu ya kuitumia hiyo elimu, kwa sababu anayejua na asiyejua mshahara wao ni ule ule, wanachaguliwa kwa vigezo vile vile, na ukiangalia vizuri mara nyingi anayejua sana ndiye anayepata shida. Mtihani utachuja wasio na madhara makubwa na kuwaacha wenye madhara wakiwa na cheti mkononi.

Kwanza tukumbushane, maana wengine wanaongea kana kwamba hili jambo halijawahi kujaribiwa. Kenya tulikuwa na mtihani. Katiba ya zamani ilitaka anayegombea ubunge awe anaongea na kusoma Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kuweza kushiriki mijadala ya bunge, na wagombea walikuwa wanapimwa lugha kabla ya kuruhusiwa. Katiba ya 2010 ikaja na maneno mapana zaidi, ikaacha masharti ya elimu na maadili yawekwe na sheria, ndipo Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikaingiza masharti ya masomo ambayo baadaye yalipandishwa mpaka digrii kwa wabunge na MCA kuanzia uchaguzi wa 2022. Hayakufika. Mahakama Kuu ililitupa sharti la digrii kwa MCA mwaka 2021 na la wabunge mwaka 2022, digrii ikabaki kwa rais, magavana na manaibu wao. Na hata huko ilikobaki tuliona sinema yake Nairobi 2022, Johnson Sakaja na digrii yake ya Team University ya Uganda, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaitambua halafu ikaondoa utambuzi, kesi juu ya kesi, mwisho wa siku jina likabaki kwenye karatasi na watu wa Nairobi wakampigia kura akashinda. Majirani nao wana yao. Tanzania katiba inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, basi. Uganda wanataka kiwango cha kidato cha sita au kinacholingana nacho, na mahakama zao zimesikiliza kesi za uchaguzi ambazo ubishi wote ni karatasi za shule za fulani, jina kwenye cheti ni lake au si lake.

Sasa rudi kwenye ule mtihani wetu wa lugha halafu uniambie ulituzalia nini. Bunge lililobadilisha Katiba Juni 1982 na kuingiza kifungu cha 2A, kile kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, lilikuwa na watu waliotimiza sharti la lugha. Walikuwa wanajua kusoma walichokipitisha. Ni bunge la enzi hizo hizo lililokuja kuondoa ulinzi wa kazi wa majaji miaka michache baadaye, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekwambia walifanya hivyo kwa sababu hawakuelewa jaji asiye na ulinzi anakuwa mtu wa nani. Walielewa, tena sana, na ndiyo maana hawakusimama kuuliza maswali.

Au chukua mfano wa karibu. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kuihusisha Seneti. Mahakama ya Rufaa ilikuja kubadilisha sehemu ya uamuzi ule lakini kiini cha kesi kilikuwa kifungu cha 110 cha Katiba, kinachotaka maspika wawili wakubaliane kwanza kama mswada unagusa kaunti au haugusi. Hiki si kifungu kilichofichwa kabatini. Bungeni kulikuwa na mawakili tele, kuna makarani waliosomea kazi hiyo, kuna idara nzima ya sheria. Ule ulikuwa ubabe wa jumba moja kwa jumba lingine, na ukiwapa wale watu swali la kifungu cha 110 kwenye mtihani wangepata alama zote halafu jioni warudi kuendelea na walichokuwa wanafanya.

Mswada wa Fedha wa 2024 ndio naona watu wanausoma vibaya kuliko vyote. Hadithi iliyoshika mitandaoni ni kwamba wabunge walipiga kura kwa kitu ambacho hawakukisoma na hawakukielewa, na vijana wakawa ndio waliokisoma, wakakitafsiri kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza mpaka programu za akili bandia za kujibu maswali kuhusu kila kifungu. Sehemu ya pili ni kweli kabisa na ni jambo la kujivunia. Sehemu ya kwanza nina wasiwasi nayo. Kamati ya fedha iliyoupitia mswada ule mwenyekiti wake ni mhasibu kwa taaluma. Maoni ya wananchi yalipokelewa, wataalamu wa kodi walikuja wakasema mkate utapanda, kodi ya magari itaumiza, na baadhi ya vipengele vikatolewa, yaani walikuwa wanajua wapi panauma. Halafu tarehe 25 Juni 195 wakasema ndiyo na 106 wakasema la, damu ikamwagika nje ya bunge na ndani ya uzio wake, kesho yake rais akakataa kuweka sahihi. Wale 195 hukuti wote hawana elimu, na wale 106 hukuti wote ni wasomi. Mgawanyo ule ulifuata mirengo, upande wa serikali na upande wa upinzani, isipokuwa wachache waliovuka. Ukiniambia ungewapa mtihani Mei ile matokeo ya Juni yangekuwa tofauti nitakuomba unionyeshe kwa njia gani.

Na kuna swali ambalo watu wa mtihani hawapendi kulijibu: mtu anayejua akiitumia elimu yake anafanywa nini? Mei 2020 Kithure Kindiki, profesa wa sheria, aliondolewa kwenye kiti cha naibu spika wa seneti kwa kura 54 dhidi ya 7. Hakuna aliyesimama kusema hajui Kanuni za Kudumu, zile za kuendeshea vikao vya bunge. Kosa lilikuwa ni kutofika mkutano wa chama Ikulu, na kila mtu alijua nyuma yake kuna siasa za nani yuko upande wa nani. Sasa wewe ni seneta mgeni, umekaa pale unaangalia profesa anavuliwa cheo mchana kweupe kwa hesabu ya utiifu, somo gani unaondoka nalo? Enda nyuma zaidi, Oktoba 1975, Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua bunge kama walivyoiua KANU, chama tawala, akatakiwa athibitishe, na Jean-Marie Seroney aliyekuwa kwenye kiti kama naibu spika akajibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili wakakamatwa wakawekwa kizuizini, hawakutoka mpaka Kenyatta alipokuwa amefariki na Moi ameingia, mwishoni mwa 1978. Seroney alikuwa wakili msomi, Shikuku hakuwa na digrii. Walijua sawa bunge ni kitu gani na wakalipa bei ile ile. Tom Mboya naye hakuwa na digrii, alikaa Ruskin College kule Oxford mwaka mmoja hivi, na ndiye aliyewapandisha wengine ndege kwenda kusoma Marekani.

Haya, niwape watu wa mtihani haki yao, maana wana hoja moja nzito na huwa haisemwi vizuri. Ni hoja ya kaunti. Tuna wadi 1,450, kila moja na MCA wake, na hao watu kifungu cha 185 kimewapa kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha mipango na kumwangalia gavana. Fedha za mgao sawa, zile ambazo serikali kuu huzigawia kaunti, peke yake zilikuwa shilingi bilioni 387.4 mwaka wa fedha 2024/25 na bilioni 415 mwaka uliofuata. Sheria ya Usimamizi wa Fedha ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kila robo mwaka zinaonyesha kaunti baada ya kaunti pesa zimeishia mishahara, safari na posho. MCA ambaye hawezi kusoma jedwali lile atapitisha chochote anacholetewa na waziri wa fedha wa kaunti, na hapa kutojua ni kutojua kweli, si uigizaji. Hata kumng'oa gavana kuna waliojikwaa, Embu 2014 Martin Wambora alikuwa gavana wa kwanza kung'olewa nchini na akaokolewa na mahakama kwa sababu utaratibu ulikanyagwa, akamaliza muhula na 2017 akachaguliwa tena. Hilo nakubali, tena bila kinyongo. Mbunge wa bunge la kitaifa ana ofisi ya bajeti ya bunge inayomwandikia uchambuzi kwa lugha nyepesi, MCA wa kule mbali mara nyingi ana karani mmoja aliyechoka.

Lakini tazama hoja ile imefika wapi. Imefika kwamba MCA anahitaji kuelewa bajeti siku anapoipigia kura. Haijafika kwamba anahitaji kuielewa siku anapoomba kura. Kati ya siku hizo mbili kuna miezi na kuna pesa za mafunzo ambazo tayari tunalipa, bunge lina kituo chake cha mafunzo, CPST, na kaunti zimepeleka MCA semina mpaka Mombasa imechoka nao. Watu wa mtihani wanaruka hapo, wanatoa hoja ya kumfundisha aliyechaguliwa halafu wanaitumia kumzuia asiyechaguliwa bado.

Hoja yao dhaifu kuliko zote ndiyo wanayoipenda kuliko zote, ile ya ati hata wa bodaboda anatakiwa leseni itakuwaje mtunga sheria asipimwe. Anayempima dereva hapati wala hapotezi kitu dereva yule akipita (ukiacha kitu kidogo, ambacho sote tunakijua). Anayempima mgombea anaamua nani atawale. Na tungemkabidhi nani? IEBC? Hii tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 alipomaliza mwenyekiti Chebukati mpaka Julai 2025, watu wa eneo bunge la Banissa walifiwa na mbunge wao Machi 2023 wakakaa bila mbunge mpaka uchaguzi mdogo wa Novemba 2025. Kama kumjaza kamishna mmoja ni vita vya miaka miwili, fikiria vita vya nani ataandika maswali na nani atasahihisha. Na mtihani wenyewe utakuwa na mwakenya, yale majibu ya kuibia, kabla haujapigwa chapa, hii ni nchi ambayo Tume ya Utumishi wa Umma ilikagua vyeti vya watumishi ikakuta zaidi ya 2,000 ni feki, hao ni watu waliotafuta kazi ya kawaida tu, sasa mtu anayetafuta kiti cha ubunge atashindwa kununua alama?

Pakistan walitutangulia kwenye hii njia. Musharraf, mwanajeshi aliyekuwa rais, mwaka 2002 aliweka sharti la digrii kwa wabunge, na vyeti vya madrasa vikahesabiwa sawa na digrii, kwa hiyo kuna waliozuiwa na kuna waliofunguliwa mlango, na haikuwa bahati mbaya nani yuko upande gani. Mahakama ya Juu ikalifuta sharti lile 2008. Mwaka 2010 zikaibuka digrii feki za wabunge kwa mafungu, ndipo waziri mkuu wa jimbo la Balochistan, Aslam Raisani, akasema digrii ni digrii, iwe ya kweli au ya bandia. Tulicheka wote. Lakini 2013 haikuchekesha, maana wasimamizi wa uchaguzi wakaamua kuwahoji wagombea ana kwa ana kama ni Waislamu wema, wakiwaagiza wasome aya kwa moyo, na mwandishi Ayaz Amir jina lake likakatwa kwa sababu ya makala alizowahi kuandika gazetini, mpaka alipokata rufaa akarudishwa. Mahakama ya Lahore ikabidi iwaambie wasimamizi waache maswali yasiyohusu. Mtihani wa mgombea ukishakuwepo, mwenye kushika kalamu nyekundu ataongeza swali lake.

Upande wa pili nao, wanaopinga mtihani, wana hoja zao mbovu. Ile ya sauti ya wananchi ni sauti ya Mungu, wakishachagua wamechagua, sitaki hata kukaa nayo muda mrefu, inatumiwa na watu wale wale wanaonunua kadi za chama kwenye mchujo. Tusijifanye sanduku la kura huwa linaachwa liseme lenyewe. Yenye uzito ni historia, na huwa inasahaulika. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, mkoloni aliweka vigezo, umesoma, una kipato, una mali, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu wakati mwenzake ana moja na wengi hawana hata hiyo. Maneno ya kuutetea mpango ule yalikuwa ni haya haya ya leo, uelewa, uwajibikaji, kutokabidhi nchi kwa wasiojua. Leo walio na digrii Kenya hawafiki hata mtu mmoja kati ya kumi, na wamejaa mjini. Mtihani wa Katiba si digrii, sawa, lakini utafanywa kwa lugha gani, na mama wa Turkana anayesuluhisha kesi za mifugo miaka yote kwa busara inayozidi ya chifu ataukalia wapi?

Halafu kuna sisi wenyewe. Nilikuwa kwenye matanga fulani Magharibi, mheshimiwa akapewa maikrofoni, na katika maswali yote aliyorushiwa siku ile hakuna hata moja lililohusu sheria. Basari, mabati ya kanisa, transfoma, mtoto wa nani ameachwa nje ya KDF. Alijibu yote kwa ufasaha na watu wakaridhika. Huo ndio mtihani ambao wabunge wetu wanafanya kila wikendi na wanaupasi, na sehemu kubwa ya maswali yake si kazi yao kabisa kikatiba. CDF, ule mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ndiyo imeushikilia huo mtihani. Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya CDF ya 2013 mwaka 2022, Mahakama Kuu ikaibatilisha ile ya 2015 Septemba 2024 kwa sababu mbunge hawezi kuwa mtunga sheria, mgawa pesa na mkaguzi wa pesa zile zile, na mwaka uliofuata wabunge wale wale tunaosema hawaijui Katiba wakapitisha mswada wa kuibadilisha Katiba yenyewe ili mfuko uingie ndani yake. Kumbe kifungu wakikihitaji wanakipata.

Kwa hiyo kama kuna mtu anataka kweli kupima uelewa, apime kwenye kamati. Kamati ya bajeti, kamati ya hesabu za umma, kamati za fedha kwenye mabunge ya kaunti, huko ndiko kutojua kunagharimu, na huko hakuna haki ya kikatiba ya mtu yeyote kukaa. Mchaguliwe wote, muapishwe wote, lakini anayetaka kiti cha kamati ya fedha apite kwanza kwenye mafunzo, ahojiwe hadharani na ofisi ya bajeti na watu wa Mkaguzi Mkuu, kamera zikiwa wazi, na majibu yake yabaki kwenye rekodi ya bunge. Asiyeweza aende kamati nyingine mpaka aweze. Hakuna kura ya maoni inayohitajika, Kanuni za Kudumu bunge linazibadilisha lenyewe. Watakaopinga ni viranja wa vyama, maana viti vya kamati ndiyo pipi na kiboko chao, na mbunge aliyepata kiti kwa kujua ni mgumu kumtoa kwa kutotii.

La pili ni kura kwa majina. Maamuzi mengi bungeni hupita kwa sauti, ndiyo waliokubali wamezidi, imepita, na hakuna anayejua mbunge wake alisema nini mpaka wabunge wa kutosha wasimame kudai kura ihesabiwe. Juni 2024 orodha ya nani kapiga ndiyo na nani kapiga la ilikuwa kwenye simu za watu kabla wabunge hawajafika nyumbani, na ile kampeni ya kuwasalimia kwa simu na meseji ikawafanya watu waliokuwa hawashikiki siku zote kuanza kujieleza. Wengine waliomba msamaha wiki ile ile. Elimu yao haikuwa imeongezeka hata chembe kati ya Jumanne na Ijumaa. Vijana wanaotaka mtihani ndio waliofanya hivyo, na ningependa nguvu hiyo iende kudai kwamba kila mswada wa fedha, wa taifa na wa kaunti zote 47, upigiwe kura kwa majina na orodha itoke siku hiyo hiyo.